Pale Ganzi Isiposhika

Kila tabibu wa meno analijua jambo hili, na wagonjwa wengi wanalijua bila kufundishwa: ganzi hushika vizuri kwenye jino lisilouma sana, na hugoma kwenye jino linalouma kupita yote. Anayekuja kung'olewa gego lililokufa zamani, lisilo na uvimbe wala joto, hupigwa sindano moja, na baada ya dakika chache anaushika mdomo wake kama wa mtu mwingine. Anayekuja shavu limevimba hadi jicho linafumba, ambaye usiku hakulala, ambaye jino linapwita kwa kila pigo la moyo, unampiga sindano ya pili na ya tatu, na bado koleo likigusa jino anaruka kitini. Aliyehitaji kidogo amepata tele, na aliyehitaji kuliko wote ametoka mikono mitupu.

Nimefanya kazi ya kinywa na meno mkoani Katavi sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali hili nimekuwa nikilibeba kutoka chumba cha matibabu hadi kanisani na kulirudisha tena. Mimi ni binti wa katekista. Nilikulia Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nyumba ambayo sala ya jioni haikuachwa hata siku ya msiba. Kwa hiyo ninapoona dawa njema, iliyotolewa kwa mkono wenye nia njema, inashindwa kuingia pale hasa ilipotumwa, sitosheki na jibu la kitabu cha famakolojia. Nauliza pia kwa nini faraja imekuwa dhaifu pale pale maumivu yalipo makali, na jambo hilo linasema nini juu ya Mungu tunayemwita mwenye huruma na juu yetu tunaojiita watumishi wake.

Vitabu vya taaluma yetu huitaja nyama iliyovimba na kuwaka moto kama hali ngumu inayotokea mara moja moja. Kwetu ndiyo kawaida. Mtu wa Majimoto, wa Inyonga au wa Mishamo haji mjini Mpanda kwa sababu jino limeanza kuuma. Anaanza na karafuu. Anasukutua maji ya chumvi, anameza dawa ya kutuliza ya dukani, kisha vidonge vya antibaiotiki vilivyobaki mtoto alipougua. Anangoja mpunga uvunwe, au tumbaku ilipwe, au barabara ikauke. Anapopanda bodaboda kuja kwetu amekwisha kuvumilia kuliko mahubiri yoyote yanavyoweza kumwomba avumilie. Nasisitiza hapa, kwa sababu ndipo makosa mengi ya wafariji huanzia: humwona mtu kama ameanza kuumwa leo.

Sababu ya kwanza ya ganzi kugoma ni uchachu. Lignokaini, dawa tunayoitumia kuliko nyingine, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren akisaidiana na Bengt Lundqvist, ikaingia sokoni mwaka 1948. Molekuli zake huwa katika hali mbili zinazobadilishana: moja imebeba chaji ya umeme, nyingine haina. Mshipa wa fahamu umezungukwa na utando wa mafuta, na mafuta huikataa ile yenye chaji. Isiyo na chaji ndiyo inayopenya. Ikishafika ndani huchukua chaji na kuziba vijitundu vinavyopitisha sodiamu, na sodiamu isipopita habari ya maumivu haisafiri. Katika nyama yenye afya, ambayo pH yake ni 7.4, karibu robo ya molekuli ziko tayari kupenya. Lakini nyama iliyovimba huwa chachu, kwa sababu seli zake na chembe nyeupe za damu zilizokimbilia pale zinafanya kazi kubwa kuliko oksijeni inayofika. pH ikishuka hadi 6.4, hesabu ileile hutoa molekuli 3 tu katika kila 100. Dawa ni ileile, kipimo ni kilekile, hata mkono unaochoma sindano haujabadilika. Ila dawa imebebeshwa chaji njiani, na sasa imekwama nje ya utando.

Uchachu hauelezi yote. Mishipa ya damu ya mahali pale imetanuka, inaizoa dawa kabla haijatulia. Na mshipa wa fahamu wenyewe umebadilika: kemikali za uvimbe zimeushtua, sasa unapiga kelele kwa kuguswa kidogo, na baadhi ya vijitundu vya sodiamu vinavyotumika humo ni vya aina iliyo ngumu kuzibwa. Ndiyo maana hata tukipiga sindano nyuma ya taya, mbali na jino, ambako hakuna uchachu, gego la chini lenye kiini kinachowaka mara nyingi halinyamazi. Kwangu hili ni zito kuliko lile la uchachu. Linasema kwamba maumivu ya muda mrefu humgeuza mwenye kuumwa kuwa mtu ambaye dawa ya jana haimtoshi leo, na amegeuka bila kosa lake.

Lipo na la tatu, ambalo wagonjwa hawaambiwi. Dawa yenyewe huja ikiwa chachu. Lignokaini yenye adrenalini hutoka kiwandani ikiwa na pH ya karibu 4, kwa kuwa adrenalini huharibika upesi nje ya asidi. Uchachu huo umewekwa kwa ajili ya rafu, ili dawa ikae ghalani miezi mingi bila kuoza, na ni mojawapo ya sababu sindano inachoma inapoingia. Baadhi ya matabibu huchanganya ndani yake sodiamu baikaboneti kidogo kabla ya kuchoma, kupunguza ukali huo.

Je, huu ni ukatili wa maumbile? Nimelifikiria sana, na nasema hapana. Uvimbe ni ulinzi. Bila ule moto, bila zile chembe nyeupe kukimbilia kwenye mzizi wa jino, usaha ungeshuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Watu hufa kwa jino, nasi tunaofanya kazi hii tunajua jinsi wanavyokufa. Mwili unaojihami hufunga milango yote, na rafiki anayekuja na dawa hukuta imefungwa. Kwa hiyo simlaumu Muumba kwa uchachu. Hata hivyo, maelezo haya hayamtulizi aliyekaa kitini. Nikimweleza kwamba maumivu yake ni dalili ya mwili unaompigania, nitakuwa nimesema kweli, naye ataendelea kuumwa vilevile. Wanateolojia wengi wanaoandika juu ya mateso husimama hapa wakidhani wamefika.

Katika kila chumba cha matibabu nilichopata kukanyaga nimesikia "jikaze". Huambiwa mama anayejifungua, kijana aliyetoka mgodini na mkono uliopondeka, baba mwenye jipu la jino. "Baba mzima unalia?" Nyuma ya hilo kuna fundisho lisilotamkwa: ganzi imekwisha kupigwa, kwa hiyo ukiendelea kusikia maumivu, kasoro iko kwako. Unadeka. Huna moyo. Fundisho hili ni la zamani kuliko hospitali. Ndilo walilokuja nalo Elifazi, Bildadi na Sofari kwa Ayubu. Walikaa naye chini siku 7 na usiku 7 bila kusema neno, na hicho ndicho kitu bora walichomfanyia. Walipofungua midomo, kila mmoja alikuwa na mafundisho safi, na Ayubu alipoendelea kulia wakahitimisha kwamba ana dhambi iliyofichika. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyepiga kelele. Nilipojifunza hesabu ya zile molekuli 3 katika 100 niliona kwamba kemia imesimama upande wa Ayubu. Mgonjwa anayesema bado anasikia anasema kweli. Alichopewa hakijamfikia. Kumsadiki ni tendo la kwanza la huruma, na katika kazi yetu ni sehemu ya utaalamu pia, kwa sababu tabibu asiyemsadiki hatatafuta njia nyingine.

Wapo wanaosema Mkristo hana haja ya kutafuta njia nyingine, na wanataja Golgota: askari walimpa Yesu divai iliyochanganywa na manemane, naye hakuipokea. Nasikia hoja hii kila Kwaresima. Lakini yeye aliamua kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, siku moja, kwa kazi aliyokuwa nayo. Katika Injili zote nne sioni mgonjwa hata mmoja aliyemwendea akaambiwa arudi nyumbani akavumilie. Mwaka 1847, James Young Simpson alipoanza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaojifungua huko Edinburgh, aliwajibu waliompinga kwa Biblia kwa kuwakumbusha kitabu cha Mwanzo, kwamba Adamu alilazwa usingizi mzito kabla ya ubavu wake kutolewa. Na tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi wa Italia, alisema wazi kuwa Mkristo hafungwi na wajibu wa kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu, na kuwa ni halali kuyatuliza hata kama dawa italeta hatari ambayo haikukusudiwa. Suala hilo lilikwisha kabla mimi sijazaliwa. Linaendelea kuhubiriwa kana kwamba halijajibiwa.

Jirani yangu Mwislamu alinipa jibu fupi kuliko langu. Alisema Mtume alifundisha kwamba hata mwiba ukimchoma muumini husafisha dhambi zake, na Mtume huyohuyo aliamuru watu wajitibu, kwa kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja na hakuona haja ya kuyapatanisha. Hata Wabende wa zamani, waliopeleka haja zao chini ya mkwaju wa Katabi, yule mzimu mwindaji ambaye ziwa na hifadhi na sasa mkoa mzima vinabeba jina lake, walikwenda kutafuta msaada. Sadaka bado huachwa pale hadi leo.

Mtu aliyenifundisha zaidi juu ya suala hili alikufa mwaka 1956, hapo hapo Karema. Adrian Atiman alizaliwa Mali miaka ya 1860, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria. Kardinali Lavigerie alitaka vijana waliokombolewa wasomeshwe tiba wawe madaktari na makatekista kwa pamoja, na Atiman akapelekwa Malta. Alikuwa huko masomoni mwezi Septemba 1884, Carl Koller wa Vienna alipoutangazia ulimwengu kwamba matone ya kokeini hulifanya jicho lisisikie kisu, na hiyo ikawa ganzi ya kwanza ya mahali pamoja. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, akaoa binti wa Kibende, akabaki akitibu na kufundisha dini miaka 67. Bibi yangu mzaa mama alimkuta akiwa mzee, na alichokisimulia daima ni kwamba Atiman alikuwapo. Ungekwenda wakati wowote ungemkuta.

Nasema alinifundisha, ingawa sikumwona, kwa sababu maisha yake yalinionyesha sharti moja la faraja ambalo sindano yangu hailitimizi. Wazungu waliomtuma walikuwa na dawa nyingi kuliko yeye. Lakini aliyeketi na mgonjwa wa Karema, katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilipita, alikuwa mtu aliyewahi kufungwa kamba. Alikuwa wa nyama ileile. Waraka kwa Waebrania unamwelezea Kristo kwa namna hiyohiyo, kama kuhani ambaye mateso yetu si mageni kwake. Wakristo tunaliungama hili kila Jumapili tunaposema Mungu alitwaa mwili, na halafu tunakwenda kumfariji mtu kwa maneno yasiyo na mwili wowote.

Hapo ndipo kazi ya maabara iliponishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Alec Bangham, mtafiti wa Babraham karibu na Cambridge, aliona kwa hadubini ya elektroni kwamba fosfolipidi, mafuta yaleyale yanayojenga utando wa seli, yakitiwa majini hujikunja yenyewe na kuwa vifuko vidogo vidogo. Vikaitwa liposomu. Baadaye watafiti wakaanza kuweka dawa ya ganzi ndani yake. Mwezi Oktoba 2011 Marekani iliidhinisha bupivakaini iliyofungwa katika vifuko vya aina hiyo ili itoke kidogo kidogo baada ya upasuaji, na katika Chuo Kikuu cha Campinas, Brazil, watafiti wamekaa miaka mingi wakifunga dawa za ganzi, zikiwamo zile za meno, katika chembe za mafuta ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangepangana katika milimita moja. Kinachonivuta ni kitambaa cha vazi lenyewe. Dawa iliyokataliwa na utando wa mafuta inarudi imevaa mafuta, mali ileile iliyoujenga utando ulioikataa.

Na zaidi ya hapo. Mishipa ya damu mahali palipovimba huvuja. Ndiyo maana pamevimba. Mishipa hiyo huizoa lignokaini ya kawaida, lakini chembe za mafuta zilizo katika damu hupenyea kwenye uvujaji huo na kujikusanya, kwa kuwa kwenye nyama yenye afya hazipati upenyo. Vipo pia vifuko vilivyobuniwa ili visiachie mzigo wake mpaka vikutane na uchachu. Kanuni hii imekwisha kufanya kazi miilini mwa Watanzania: chanjo ya Uviko ya Pfizer, iliyoletwa nchini mwaka 2021, ilibebwa na chembe za mafuta ambazo hazina chaji katika damu, na huchukua chaji zinapokutana na asidi ndani ya seli, na chaji hiyo ndiyo inayofungua kifuko. Ni kanuni ileile ya asidi na chaji inayoniharibia ganzi kila siku. Kumbe mahali palipovimba palikuwa na njia ya kuingilia, na njia hiyo ilikuwa palepale kwenye dalili za ugonjwa, katika uvujaji na katika uchachu.

Sitaki kumpa mtu matumaini yasiyo na msingi. Tafiti kadhaa za upasuaji zimeonyesha kuwa bupivakaini ya vifuko inaizidi ile ya kawaida kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na mengi ya yale ninayoyaeleza kuhusu nyama iliyovimba bado yako maabara na kwa wanyama. Ninalolichukua kwenye kazi hii si ahadi ya dawa. Ni namna ya kufikiri. Watu hawa hawakumwambia mgonjwa ajikaze. Waliuliza nyama inayouma ikoje, ina asidi kiasi gani, inavuja wapi, inakubali nini, kisha wakaibadilisha dawa.

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo mama mmoja alifiwa na mtoto. Tulikwenda, tukasema yanayosemwa: kazi ya Mungu haina makosa, pole, ni mapenzi yake. Siku moja akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba maneno yetu yanamchoma. Nilimwelewa mara moja. Ni maneno yaliyotengenezwa ili yadumu, yafae kila msiba, wa kijana na wa mzee, bila kuharibika. Na kile kinachoyafanya yadumu ndicho kinachochoma yanapoingia. Kitabu cha Mithali kinamfananisha anayemwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito na siki inayomwagwa juu ya magadi. Wanawake wa jumuiya wakaacha kusema. Mmoja alichota maji. Wengine walipalilia karanga zake, maana mvua ilikuwa imekolea na shamba lilikuwa linapotea. Binti mmoja alikwenda kulala kwake. Hakuna aliyelitaja jina la mtoto mpaka yeye mwenyewe alipolitaja. Katika kazi yetu, mahali palipowaka sana hatuchomi sindano penyewe. Tunakwenda nyuma, kwenye shina la mshipa wa fahamu, au tunatoa usaha kwanza na kungoja.

Mwenzangu mmoja alinipinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Alisema kuzunguka ni kukwepa. Mtu hufa kwa sababu, na ukimzungukia mfiwa kwa maji na karanga, ile sababu inabaki palepale. Ni kweli. Ganzi ya mbali hupigwa ili mtu aweze kufanya kazi penyewe. Ukimtia ganzi mwenye jipu ukamwachia usaha wake, umemdhulumu, kwa sababu ataondoka akidhani amepona. Na zipo huzuni zenye usaha. Yule mama alipoanza kusema, hakuuliza juu ya mapenzi ya Mungu. Aliuliza kwa nini gari la wagonjwa halikuwa na mafuta usiku ule. Hilo ni swali lenye majibu, na wenye majibu wana ofisi. Aliyemwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu alikuwa amelishonea jeraha lake usaha ukiwa ndani, na tena kwa jina la Mungu. Sisi tuliokwenda naye kuuliza hatukwenda kumfariji, ila ndipo nilipomwona amepumua.

Kwa hiyo siwezi kuzungumzia chembe za mafuta kana kwamba ni jambo la roho peke yake. Bupivakaini ya vifuko huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8; ikiganda imeharibika, ikikaa nje ya jokofu kwenye joto la wastani ina mwezi mmoja tu. Oktoba ya Mpanda hupita nyuzi 30. Mji huu uliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na kila mtumishi wa afya wa umri wangu anakumbuka kukimbiza chanjo jokofu linapozima. Chupa moja ya dawa ile huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 300. Lignokaini ya kawaida, iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya bei nafuu na hukaa kwenye rafu bila kudai lolote, ndiyo maana ipo. Basi tunarudi kwenye umbo lilelile nililoanza nalo. Dawa iliyovalishwa mafuta inashika pale ambako watu hufika mapema, jino likiwa bado baridi, na inakwama nje ya mahali ambako wote hufika wamechelewa.

Umbo hili la pili silikubali kama nilivyokubali la kwanza. Uchachu wa jipu haukuchaguliwa na mtu. Bei ilichaguliwa, na barabara, na mafuta ya gari, na kama kituo cha Mishamo kitakuwa na mtu wa meno au hakitakuwa. Chanjo ya Pfizer ilihitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na nchi yetu iliipokea na kuichoma. Ilitakwa, ikapatikana. Mwanafunzi wa Mbeya au Muhimbili anayenisoma aangalie kama kuna mafuta ya bei nafuu, yanayovumilia joto, yanayoweza kubeba lignokaini ya kawaida kwenye nyama chachu. Tuna alizeti, mawese ya Kigoma na nazi za pwani. Simpi kazi ya kipuuzi. Mafuta ya mimea ni miongoni mwa malighafi ambazo watafiti wa Brazil na kwingineko hutumia katika chembe hizo.

Yapo niliyoyabadilisha bila kungoja maabara. Jino lililowaka sana silikimbilii. Natoa usaha, natoa dawa, namwambia mtu wa karibu arudi baada ya siku chache, na wa mbali namtafutia pa kulala kwa ndugu. Naeleza kwa nini ganzi inaweza kukataa, na kwamba ikikataa si yeye aliyeshindwa. Naona mabega yakishuka ninaposema hivyo. Wengi hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote mwenye koti jeupe kwamba anaamini wanaumwa.

Padri wetu ameniomba niongoze tafakari ya Njia ya Msalaba Kwaresima ijayo, naye akapendekeza nizungumzie uvumilivu kwa sababu nimeona wagonjwa wengi. Nimemwomba kituo cha 5, cha Simoni wa Kirene. Injili zinasema alikuwa anatoka shamba, wakamkamata, wakambebesha msalaba. Hakuna neno hata moja lililoandikwa kwamba alilisema. Nimewaambia wanajumuiya waje na majembe siku hiyo. Mzee mmoja wa mtaa wetu amefiwa na mkewe mwezi uliopita, hataki wageni wala hataki sala, na mahindi yake yanazidiwa na magugu.